Mungu Apitaye Katikati ya Kambi

(Neno la kusoma kwanza: Kitabu cha Tano cha Musa, mlango wa 23, mstari wa 12 hata wa 14.)



Mistari hii tuliyoitaja haisomwi mara nyingi kanisani. Tena wengi wakiifikia katika kusoma kwao nyumbani huipita upesi kwa kuona haya, maana habari yake ni habari ya choo. Waisraeli walipotoka kwenda vitani waliagizwa watenge mahali nje ya kambi. Na kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake, achimbe kwacho, kisha afukie uchafu wake. Ndiyo amri yote. Walakini sababu yake ndiyo itupasayo kuiangalia. Musa hakusema kwamba uchafu wanuka, ingawa wanuka, wala kwamba waleta maradhi, ingawa huyaleta. Alisema kwamba Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi ile, na kwa hiyo kambi iwe safi.

Tazameni basi. Mungu yeye yule aliyenena katika moto wa Sinai hakuona kuwa ni jambo dogo mno kuagiza habari ya kijiti. Wala hakukiweka kijiti mikononi mwa Musa peke yake, wala mwa wale wazee sabini, bali kila askari alichukua chake, kando ya upanga wake. Wako Wakristo wanaodhani kwamba mambo ya takataka ni ya serikali, na mambo ya roho ni ya kanisa, na kati ya haya mawili pana ukuta. Neno hili laubomoa ukuta huo.

Tumelichagua kwa sababu ya shauri kubwa lililoko Marekani katika miaka hii, nalo ni shauri la takataka pia. Wanaulizana hivi: mji ukikataza mifuko ya plastiki itumikayo mara moja tu na kutupwa, na jimbo lenye mji huo likauzuia mji usikataze, nani afuatwe? Walimu wa mitaa watasema, Mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi? Twaomba mvumilie kidogo, maana ndani ya shauri hilo mna swali la mamlaka, na swali la mamlaka latuhusu sote.

Kwanza ni lazima kuelewa jinsi nchi ile ilivyopangwa. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake na sheria zake. Miji iko chini ya majimbo. Katiba ya muungano haiitaji miji hata kidogo; nguvu ya mji yatoka kwa jimbo. Katika jimbo la Texas, tangu mwaka 1912, katiba ya jimbo huupa mji wenye watu zaidi ya 5,000 ruhusa ya kujiandikia hati yake na kujitawala katika mambo yake, kwa sharti kwamba amri za mji zisipingane na sheria za jimbo. Hapo ndipo penye fundo.

Mji wa Laredo uko mpakani, kando ya mto Rio Grande. Ng'ambo ya pili ni Meksiko. Mto ule ndio maji ya kunywa ya watu wa mji. Mifuko ilipozidi kuziba mifereji na kuning'inia katika nyua na miti, baraza la mji likatoa amri kwamba maduka yasiwape wanunuzi mifuko myepesi ya kutumia mara moja, iwe ya plastiki, iwe ya karatasi. Amri ilianza tarehe 30 Aprili 2015. Wafanya biashara wa mji wakaushtaki mji. Mahakama ya kwanza ikaupa mji haki. Mahakama ya rufani, mwaka 2016, ikawapa haki wafanya biashara. Na tarehe 22 Juni 2018 mahakama ya juu kabisa ya Texas ikawapa haki wafanya biashara, waamuzi wote wakikubaliana katika hukumu.

Je, waliamua kwa neno gani? Iko sheria ya jimbo inayosema kwamba serikali ya mahali isikataze wala isizuie uuzaji au utumizi wa chombo au kifungashio kwa ajili ya kusimamia takataka, ila kwa njia iliyoruhusiwa na jimbo. Mji ulijitetea kwamba mfuko si chombo cha namna hiyo. Tena mfuko ulio mpya dukani si takataka bado, bali huwa takataka hapo utupwapo, basi kuukataza si kusimamia takataka. Waamuzi wakajibu kwamba mfuko ni chombo, naye ahangaikaye kuzuia takataka zisizaliwe yumo katika kazi ya kuzisimamia. Wakasema tena kwamba hawakuulizwa kama amri ile ni njema au mbaya. Waliulizwa kama sheria ya jimbo yauruhusu mji kuitoa, na sheria haikuuruhusu. Mmoja wao aliandika maneno yake kando. Alikubali kwamba sheria ndivyo isemavyo, lakini hakunyamaza juu ya madhara ya plastiki zitupwazo ovyo. Akaonyesha kwamba wenye kulitengeneza jambo hili ni bunge.

Hukumu ile haikukaa Laredo tu. Mji mkuu wa jimbo, Austin, uliokuwa na katazo tangu mwaka 2013, uliacha kulitumia. Fort Stockton, mji wa wafugaji, ulikataza mifuko kwa sababu ng'ombe walikuwa wakiimeza na kufa. Nao ukajikuta chini ya hukumu ile ile. Katika jimbo la Arizona mji mdogo wa Bisbee uliambiwa mwaka 2017 na mwanasheria mkuu wa jimbo kwamba amri yake yapingana na sheria, na mji ukishupaa waweza kunyimwa fungu lake la fedha za jimbo. Mji ukaiacha amri. Na huko Florida mji wa Coral Gables ulikataza vyombo vya povu, vile vyeupe vya chakula, nao ukashindwa katika mahakama ya rufani mwaka 2019.

Haya ndiyo mambo yenyewe. Sasa tuyapime, na katika kuyapima tuishike amri ya nane, ambayo Luther katika Katekisimo Ndogo aliifafanua hivi kwamba tumtetee jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Mfanya biashara aliye na maduka katika miji ishirini ana sababu ya kulalamika akikuta amri ishirini zisizofanana: huku mfuko wa unene huu, kule wa unene mwingine, pengine fedha ya kulipa. Jimbo likitaka sheria moja kwa wote, halikutenda dhambi. Wala tusidhani kwamba kila kisicho plastiki ni kitakatifu. Mfuko wa pamba nao umekula shamba na maji mengi. Mtu akiununua, akautumia mara tatu na kuutupa, hakuisaidia dunia. Hata karatasi hutoka katika mti.

Lakini baada ya kuyasema hayo yote kwa haki, yako mambo ya upande wa pili yasiyofichika. Plastiki ya mifuko hutengenezwa kwa mafuta au gesi ya ardhini. Ni nyepesi, hupeperushwa na upepo. Haiozi kama ganda la ndizi, bali humeguka vipande vidogo vidogo mpaka macho hayavioni, navyo vyakaa katika udongo na maji. Na mfereji ukiziba, nani ajaye na koleo? Si mbunge wa jimbo aliye mbali. Ni mfanyakazi wa mji. Kwa hiyo twasema wazi maoni yetu: si vema mwenye mkono mrefu amnyang'anye mlinzi rungu, kisha yeye mwenyewe asilinde. Jimbo la New York lilizuia amri ya mji wa New York ya kutoza senti 5 kwa mfuko. Lilifanya hivyo Februari 2017. Lakini baadaye jimbo lile lenyewe likatoa sheria ya kukataza mifuko ya plastiki, ikaanza tarehe 1 Machi 2020 mahali pote, mjini na shambani. Hapo mkubwa aliutwaa mzigo wa mdogo ili auchukue yeye. Texas haikufanya hivyo. Iliutwaa na kuuweka chini.

Basi Mkristo wa Laredo afanye nini? Hapa ndipo penye mafundisho yetu.

Ungamo la Augsburg, katika sehemu ya 16, lafundisha kwamba mamlaka na sheria njema za dunia ni kazi njema za Mungu, na Wakristo hupaswa kuzitii, isipokuwa wakiamriwa kutenda dhambi. Hapo humtii Mungu kuliko wanadamu, kama mitume walivyoliambia baraza la Yerusalemu. Tuulize basi bila hasira: je, hukumu ya mwaka 2018 iliwaamuru watu kutenda dhambi? Haikuwaamuru. Haikusema kwamba kila mtu lazima auchukue mfuko. Haikusema kwamba mwenye duka asiache kuutoa kwa hiari yake. Iliiondoa amri ya mji tu. Kwa hiyo Mkristo hana ruhusa ya kufanya fujo, wala diwani hana ruhusa ya kuidharau mahakama na kuendelea kuwatoza watu faini isiyo na sheria. Mtu akitoza faini isiyo na sheria, hata kwa kusudi jema, amekwisha kuwa mwizi mwenye nia njema.

Lakini liangalieni jambo jingine, maana hili ndilo linalotugusa moyo. Amri ya mji iliondolewa, kijiti hakikuondolewa. Bunge laweza kumwambia diwani, Usikataze. Haliwezi kumwambia mama, Usichukue kikapu chako. Kama watu wa Laredo walikuwa wakienda sokoni na vikapu kwa sababu ya faini peke yake, basi siku ile ya hukumu vikapu vilirudi uvunguni mwa kitanda. Kama walikwisha kujua kwamba Bwana apita kambini mwao, hukumu haikuwapunguzia kitu. Ndiyo maana hukumu za namna hii huwa kipimo. Huonyesha yaliyokuwa ndani ya watu wakati sheria ilipokuwapo.

Wala si kwamba utii ni kukaa kimya. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka huko Babeli, watu wasiomchagua mfalme wala kuulizwa habari ya sheria zake, kwamba wautafutie mji ule mema na kuuombea. Mungu hakuwaambia wangoje mpaka watakapopata mji wenye sheria za kupendeza. Na Bwana wetu alitupa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu. Hakulivunja dirisha la kadhi, lakini hakuacha kurudi mlangoni pake.

Katika jimbo la Minnesota tunao ndugu wengi Walutheri, wana wa Wanorwe, Waswidi na Wajerumani waliohamia huko. Washarika wa Dayosisi ya Iringa wanajua habari zao, kwa sababu ya ushirika ule uitwao Bega kwa Bega pamoja na Sinodi ya Saint Paul. Jirani na Saint Paul uko mji wa Minneapolis. Mwaka 2016 baraza la Minneapolis lilikataza mifuko ya plastiki, katazo lianze tarehe 1 Juni 2017. Siku chache kabla ya tarehe hiyo jimbo likapitisha sheria kwamba mji usikataze mfuko wa namna yo yote. Baraza lilitii, likaliacha katazo. Halafu likaisoma tena sheria, polepole, na kuona kwamba imekataza kukataza, lakini haikukataza kutoza. Mwaka 2019 likatoa amri nyingine: mnunuzi atakaye mfuko dukani alipe senti 5. Wengine watacheka na kusema huo ni ujanja wa mawakili. Sisi twaona ni busara ya nyoka pasipo kuacha upole wa hua. Walikaa ndani ya sheria, wala hawakuacha kuutafutia mji wao mema.

Na katika jimbo la Colorado, lililokuwa na sheria ya kuizuia miji kama Texas, bunge lenyewe lilikubali mwaka 2021 kuifuta sheria hiyo. Tangu tarehe 1 Julai 2024 miji ya huko imerudishiwa ruhusa ya kuweka masharti yaliyo makali kuliko ya jimbo. Mlango wa kadhi ulifunguka.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu mambo yalikwenda kinyume cha Texas. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006. Rwanda mwaka 2008. Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Hapa halmashauri hazikuwa na haja ya kugombana na wakubwa, maana katazo lilitoka juu. (Nazo halmashauri zetu hazijiamulii peke yake, sheria ndogo za halmashauri hupelekwa kwa waziri zipate kibali, kwa hiyo swali la mdogo na mkubwa si geni kwetu.) Je, tujisifu basi juu ya Wamarekani? Tusifanye haraka. Mifuko ile tuliyoizoea kwa jina la rambo ilipoondolewa, watu hawakukawia kugeuza vifungashio vyepesi visivyo na mishikio, vilivyokuwa vya kufungia bidhaa, wakavitumia kubebea nyanya na dagaa. Serikali ilikataza mfuko, watu wakatafuta kisichoitwa mfuko. Huko California ilikuwa vivyo hivyo. Sheria ya jimbo iliyothibitishwa kwa kura za watu wote Novemba 2016 ilikataza mifuko myembamba, lakini iliruhusu ile minene iuzwe kwa bei isiyopungua senti 10, kwa tumaini kwamba watu wataitumia tena na tena. Wengi waliinunua na kuitupa kama ile ya kwanza. Na mwaka 2024 jimbo likalazimika kutoa sheria nyingine ya kuifunga njia hiyo.

Luther alitufundisha kwamba kazi ya kwanza ya sheria ni kuwa kama boma la kuzuia uovu usienee. Boma ni kitu chema; mwenye shamba asiye na boma atavuna kidogo. Lakini boma halilimi. Mwenye kuutazama ukuta apate mahali pa kupenya, hata ukuta uwe wa mawe, atapenya. Moyo hupata kugeuzwa kwa Injili, kwa kuisikia habari ya Mwana wa Mungu, ambaye baada ya kuwashibisha watu elfu tano hakuwaacha wanafunzi wake waondoke na kuacha vipande vimesambaa majanini. Aliyeweza kuumba mikate mingine kwa neno moja aliagiza makombo yaokotwe. Wakajaza vikapu kumi na viwili. Vikapu, ndugu zangu, walikuwa navyo.

Twataka kuwaambia wazee wa kanisa na walimu wa mitaa neno moja lisilo la kupamba. Angalieni uwanja wa kanisa jioni ya Sikukuu ya Mavuno, au siku ya pili ya arusi, au baada ya watu kutoka makaburini. Chupa za maji, sahani za kutupa, vijiko vya plastiki, vyote vimelala pale tuliposimama na kuimba. Katazo la mwaka 2019 halikuzigusa chupa za maji. Kwa hiyo hakuna polisi atakayekuja. Ni sisi na kijiti chetu. Pipa la maji lenye bomba na vikombe vya bati ni kazi ya kuosha, twajua, na kazi hiyo huwaangukia akina mama. Basi vijana wa kipaimara waoshe, wavulana pamoja na wasichana. Mzee wa kanisa mmoja awekwe kila sikukuu kusimamia kuokotwa kwa yote kabla taa hazijazimwa. Asiwekwe aliye mdogo kuliko wote, kana kwamba ni kazi ya aibu.

Na katika maombi ya mwezi huu, wafikapo kwenye ombi la mkate wa kila siku, walimu wawakumbushe watoto kwamba Luther, katika kulifafanua ombi hilo, alihesabu watawala waaminifu na serikali njema pamoja na chakula na mavazi. Watajwe madiwani wetu na wabunge. Watajwe pia wanaofagia mitaa na kuzibua mifereji alfajiri, ambao hawatajwi popote. Watajwe na ndugu zetu wa Laredo, ambao mto wao ni kisima chao, Mungu awape wabunge wenye masikio, na mikono ya kuokota wakati wanapongoja.